Namba ya chaneli imefichwa, mtazamaji anauziwa eriali gizani

ZAIDI ya miaka 10 imepita tangu Kenya izime mitambo ya mwisho ya runinga ya analojia mnamo Machi 2015, lakini kuna swali ambalo bado linaulizwa kila siku madukani, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi katika masoko ya miji midogo: "Mna eriali ya dijitali?" Muuzaji hujibu kwamba anayo, huiteremsha kutoka rafuni na kuitajia bei iliyo juu kuliko ya zile nyingine. Mnunuzi naye huondoka akiamini kwamba amepata chombo kilichoundwa kwa ajili ya teknolojia mpya.

Ukweli ni kwamba eriali ya dijitali haiko. Eriali ni vipande vya chuma vilivyokatwa kwa vipimo maalumu na kupangwa kwa mfuatano ili vinase mawimbi ya redio. Chuma hakijui kama wimbi limebeba picha ya analojia au ya dijitali. Kitu pekee ambacho eriali hutambua ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Iwapo imekatwa kulingana na masafa yanayotumiwa na mtambo wa eneo lako, itanasa. Iwapo haikukatwa hivyo, haitakufaa hata ikiwa imepakwa rangi ya dhahabu na kuandikwa neno "dijitali" kwa herufi kubwa.

Kwa nini basi Wakenya wengi hawalijui jambo hili rahisi? Jibu ni kwamba uhamiaji wa 2015 ulibadilisha vyombo vya sebuleni na wakati huohuo ukamwondolea mwananchi namba aliyokuwa akiitegemea kununua, kufunga na kurekebisha eriali yake. Namba hiyo ingalipo na ingali inafanya kazi ileile, ila imefunikwa na namba nyingine isiyokuwa na maana yoyote nje ya king'amuzi. Hasara ya kufunikwa huko inalipwa na mwenye nyumba.

Enzi ya chaneli 62

Runinga ilianza nchini mwaka wa 1962, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), kwa mtambo uliokuwa Limuru. Shirika hilo liligeuzwa kuwa Sauti ya Kenya (VOK) mwaka wa 1964, kisha likarejeshewa jina la KBC mwaka wa 1989. Kwa miongo kadhaa kulikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, nacho kilitumia masafa ya chini yajulikanayo kama VHF. Wazee watakumbuka eriali za wakati huo: vyuma virefu vilivyotanda juu ya paa kama mbawa za korongo.

Urefu huo ulikuwa na sababu yake. Kanuni ni kwamba ukigawa 300 kwa idadi ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita; na chuma kinachonasa wimbi hilo vizuri zaidi ni kile chenye karibu nusu ya urefu huo. Wimbi la megahezi 200 lina urefu wa mita moja na nusu, hivyo chuma chake huwa cha sentimita 75 hivi. Wimbi la megahezi 50 huhitaji chuma kinachokaribia mita tatu.

Mwaka wa 1990 kituo cha KTN kilipoanza kupeperusha matangazo jijini Nairobi, kilikuja na masafa ya juu ya UHF. Kilikuwa chaneli 62, na namba hiyo ilishikamana na jina lake hivi kwamba watu waliitamka kama sehemu ya jina lenyewe. Baadaye Nation TV ilipokuja, wakazi wa Nairobi waliizoea kwa namba 42. Namba hizo hazikuwa pambo. Chaneli 62 ilimaanisha nafasi ya hewani iliyo kati ya megahezi 798 na 806. Fundi aliyeambiwa "62" alijua mara moja kwamba anahitaji eriali ya vyuma vifupi, vya sentimita 19 hivi. Mwananchi naye, hata bila kujua hesabu yoyote, alijua kwamba eriali ya KBC haitoshi na kwamba lazima aongeze ya pili.

Kwa maneno mengine, namba ya chaneli ilikuwa lugha moja iliyozungumzwa na kituo, muuzaji, fundi na mtazamaji. Ilitangazwa hewani, ikachapishwa magazetini na kubandikwa kwenye mabango.

Namba mbili zenye jina moja

Katika mfumo wa dijitali mambo yalibadilika. Nafasi moja ya hewani, yenye upana wa megahezi 8, ambayo zamani ilibeba kituo kimoja, sasa inaweza kubeba vituo 10 na zaidi. Vituo hivyo hufungwa pamoja kama kuni katika mzigo mmoja, vikarushwa kwa masafa mamoja, na king'amuzi kikaufungua mzigo huo na kumwonyesha mtazamaji kimoja anachokitaka.

Kazi ya kurusha mizigo hiyo nayo ikatenganishwa na kazi ya kuandaa vipindi. Zamani kila kituo kilikuwa na mtambo wake. Sasa kuna kampuni za usambazaji wa mawimbi: Signet, iliyo chini ya KBC, Pan African Network Group (PANG), iliyopewa leseni mwaka wa 2011, na Africa Digital Network (ADN), iliyoundwa na Nation Media Group, Standard Group na Royal Media Services baada ya mvutano mrefu mahakamani. Kampuni za runinga ya kulipia nazo zina mizigo yao.

Hapa ndipo namba ya pili ilipozaliwa. Unapobonyeza namba fulani kwenye rimoti ili kupata kituo ukipendacho, namba hiyo si masafa. Ni namba ya orodha tu, iliyopangwa na msambazaji ili kurahisisha utafutaji. Ndiyo maana kituo kilekile huwa na namba moja katika king'amuzi chako na namba nyingine kabisa kwa jirani yako. Unaweza kuona kituo namba 5 na kituo namba 105 vikiwa ndani ya mzigo mmoja, vikitoka mnara mmoja kwa masafa mamoja. Vilevile, namba 5 na namba 6 zinaweza kuwa zinatoka vilima viwili tofauti.

Matokeo yake ni kwamba mwananchi anapomwambia fundi, "Namba fulani haishiki," fundi hana la kushika. Ameambiwa jina la kuni, hakuambiwa liko katika mzigo gani. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kituo hicho kinarushwa na nani, kutoka kilima gani, na kwa chaneli ya hewani namba ngapi? Haya matatu ndiyo yanayoamua ni eriali ipi inunuliwe na ielekezwe wapi.

Habari njema ni kwamba majibu hayako mbali. Ving'amuzi vingi, na pia runinga za kisasa zenye alama ya DVB-T2, vina ukurasa unaoonyesha masafa ya kituo unachotazama, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Hupatikana katika menyu au kwa kubonyeza kitufe cha taarifa zaidi ya mara moja. Ukiona pameandikwa megahezi 474, hiyo ni chaneli 21. Kila chaneli inayofuata huongeza megahezi 8, hadi chaneli 48 ambayo ni megahezi 690.

Masafa yaliyohamia kwenye simu

Mbona hesabu ya sasa ikome 48 ilhali zamani tulikuwa na 62? Jibu la swali hili linaeleza kwa nini uhamiaji wenyewe ulikuja.

Mwezi Juni mwaka wa 2006, mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yalikubaliana mjini Geneva kwamba runinga ya analojia katika masafa ya UHF isiendelee kulindwa baada ya Juni 17, 2015. Kwa kuwa mfumo wa dijitali hubana vituo vingi katika nafasi moja, sehemu kubwa ya hewa ingebaki tupu. Sehemu hiyo ya juu ina thamani kubwa kwa kampuni za simu, kwa sababu mawimbi yake husafiri mbali na kupenya kuta vyema kuliko yale ya juu zaidi.

Kati ya 2011 na 2013, nchi za Afrika zilikutana Bamako, Kampala na Nairobi ili kupanga upya masafa ya runinga yakae chini ya megahezi 694, yaani chaneli 21 hadi 48. Yaliyo juu yake yakaachiwa intaneti ya simu. Leo hii, hewa ileile iliyobeba picha za chaneli 62 imo katika ukanda wa megahezi 800 uliopewa huduma ya simu ya kizazi cha nne. Ukanda wa megahezi 700 nao ndio uliotumiwa na Jamii Telecommunications kuanzisha huduma yake ya Faiba 4G mnamo Desemba 2017.

Jambo hili lina uzito kwa mnunuzi wa eriali. Eriali nyingi za UHF zilizouzwa nchini zilikatwa kufunika chaneli 21 hadi 69. Eriali ya aina hiyo, hasa ile ndefu yenye vyuma vingi, kwa kawaida hunasa vizuri zaidi katika chaneli za juu na kudhoofika inaposhuka kuelekea 21. Maana yake ni kwamba nguvu yake kubwa iko mahali ambapo runinga imeshahama na simu zimeshahamia. Mwenye nyumba aliye karibu na mnara wa simu anaweza kuwa na eriali inayonasa simu kwa bidii kuliko inavyonasa runinga, na mawimbi hayo makali yakaingia kwenye king'amuzi na kukivuruga.

Je, hii ina maana kwamba eriali ya zamani itupwe? La hasha. Iwapo ni ya UHF, haijaoza na picha inatulia, iache ilipo. Itaendelea kufanya kazi kama ilivyofanya zamani, na fedha ambazo ungetumia kununua nyingine zinaweza kulipa karo au kununua unga. Lakini iwapo unanunua mpya, usiulize kama ni ya dijitali. Uliza imekatwa kwa chaneli zipi. Ile iliyoandikwa 21-48, au megahezi 470 hadi 694, ndiyo inayolingana na hewa ya sasa. Ikiwa ya zamani inasumbuliwa na mnara wa simu, kichujio kidogo kinachofungwa kwenye waya huweza kuzuia mawimbi ya simu bila kubadilisha eriali yote.

Kilima, upande na kimo

Baada ya masafa, jambo la pili ni kilima. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kama mwanga: hayapendi kupinda mlima. Mnara wenye urefu wa mita 100 na eriali iliyoinuliwa mita 9 huweza "kuonana" kwa umbali wa kilomita 53 hivi katika ardhi tambarare. Ndiyo sababu mitambo ya nchi hii imewekwa mahali pa juu: Limuru kwa ajili ya Nairobi na viunga vyake, Mazeras juu ya Mombasa, Nyambene katika kaunti ya Meru, Timboroa katika Bonde la Ufa, na Vuria, kilele cha juu zaidi cha milima ya Taita, chenye zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari.

Anayeishi mahali pa wazi karibu na mtambo hahitaji makuu. Eriali fupi ya vyuma vichache inamtosha, na pengine hata ile ndogo ya ndani. Anayeishi mbali anahitaji ndefu, yenye vyuma vingi, kwa kuwa hiyo hukusanya mawimbi kutoka upande mmoja na kupuuza pande nyingine. Hata hivyo urefu huo una gharama yake: kadiri eriali inavyokuwa na nguvu ndivyo inavyohitaji kuelekezwa kwa uangalifu zaidi. Ikipinda kidogo tu kwa upepo, picha hupotea.

Anayeishi bondeni, nyuma ya mlima, anakabiliwa na tatizo jingine. Kwake, kuongeza mita mbili za mlingoti kunaweza kuleta faida kubwa kuliko eriali ya bei ghali. Na pale ambapo mlima umeziba kabisa, hakuna eriali itakayotoboa mwamba. Ni heri aambiwe mapema kwamba suluhisho lake ni dishi la setilaiti kuliko kuuziwa eriali ya tatu.

Ni muhimu kutaja pia nyumba za mabati. Mabati ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Eriali ya ndani iliyowekwa juu ya kabati katika nyumba yenye kuta na paa la mabati ni sawa na mtu anayesikiliza mazungumzo ya nje akiwa amejifungia ndani ya pipa. Katika mitaa mingi ya mabanda, eriali ya bei nafuu iliyofungwa juu ya ufito nje ya nyumba huishinda ile ya ndani iliyogharimu mara tatu.

Zaidi ya hayo, kuna namna vyuma vinavyokaa. Baadhi ya mitambo hurusha mawimbi yaliyolala, mingine yaliyosimama. Vyuma vya eriali havina budi kufuata hali hiyo: vilale sambamba na ardhi au visimame wima. Vikikosea, sehemu kubwa ya nguvu hupotea ingawa eriali imeelekezwa kilima sahihi. Njia rahisi ya kujua ni kutazama mapaa ya majirani ambao picha zao zimetulia, kisha kuigeuza yako huku mtu mwingine akisoma ubora wa mawimbi kwenye skrini.

Waya na amplifaya

Wengi hulaumu eriali ilhali kosa limo kwenye waya. Waya unaofaa ni ule wa duara wa omu 75, ambao mafundi huuita RG6, wenye kiini kimoja na wavu wa chuma unaokizunguka. Waya mwembamba wa bei ya chini hupoteza nguvu nyingi njiani, na kila kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe ni mlango wa maji. Mvua yenyewe haizuii sana mawimbi ya UHF kama inavyozuia yale ya dishi. Kwa hiyo picha ya eriali ikikatika kila mara mvua inaponyesha, kagua viungo kwanza. Huenda maji yameingia.

Amplifaya nayo imegeuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kazi yake ni kukuza kile ambacho eriali imeshanasa, mawimbi mazuri pamoja na kelele. Inafaa pale waya unapokuwa mrefu au unapogawiwa runinga kadhaa, na mahali pake ni karibu na eriali, si nyuma ya runinga. Kwa anayeishi karibu na mnara, amplifaya huweza kuharibu badala ya kutengeneza, kwa kukijaza king'amuzi nguvu kisichoweza kuihimili. Aidha, amplifaya nyingi za juu ya paa hupata umeme kupitia waya uleule wa eriali. Kuna ving'amuzi ambavyo lazima viamriwe katika menyu kutoa umeme huo. Bila amri hiyo, eriali nzima hukaa kimya na mnunuzi huamini ameuziwa chombo kibovu.

Tukumbuke pia kwamba dijitali haina huruma. Katika analojia, mawimbi yalipodhoofika picha ilijaa chengachenga lakini taarifa ya habari ilisikika. Katika dijitali, picha hubaki safi hadi kikomo fulani, kisha huvunjika vipandevipande, huganda na kutoweka. Kaya iliyokuwa ikitazama kwa taabu kabla ya 2015 ilijikuta haioni chochote baada ya hapo. Kwa hiyo anayefunga eriali asitosheke na picha kuonekana. Ahakikishe ubora wa mawimbi uko juu ya kikomo hicho kwa nafasi ya kutosha.

Ni eriali au ni amri?

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Historia ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba ni mambo ya raia pia.

Uhamiaji wenyewe ulisukumwa na kuvutwa mahakamani kwa miaka kadhaa. Shirika la kutetea watumiaji bidhaa, COFEK, liliusimamisha mwishoni mwa 2012. Vyombo vitatu vikubwa vya habari vilifuata, na kesi yao ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa na hatimaye Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake Septemba 2014. Katikati ya Februari 2015, maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) walizima mitambo ya analojia ya vyombo hivyo, na vituo vya Citizen, NTV na KTN vikatoweka hewani hadi mapema Machi.

Januari 30, 2018, siku ambayo Raila Odinga alikula kiapo cha "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru, serikali ilizima tena vituo hivyo vitatu. Mahakama Kuu iliamuru virejeshwe, lakini vilisalia gizani kwa siku kadhaa baada ya amri hiyo. Juni 25, 2025, wakati wa maandamano ya kukumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, CA iliagiza vituo visipeperushe maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya NTV na KTN yakakatwa. Mahakama Kuu iliingilia kati siku hiyohiyo.

Mtu aliye kijijini, anayetegemea eriali pekee na asiye na fedha za kununua bando za intaneti, alijuaje siku kama hizo kwamba kasoro haiko paani pake? Kwa kuwa vituo hupotea ghafla pia kwa sababu ya upepo, panya au maji, ni rahisi mwenye nyumba kupanda ngazi na kuigeuza eriali iliyokuwa sawa. Kisha vituo vinaporudi, havioni tena.

Anayejua mizigo na masafa yake ana namna ya kupambanua. Vituo vyote vya mizigo yote vikipotea kwa pamoja, yaelekea kasoro ni ya nyumbani: waya, eriali au umeme wa amplifaya. Mzigo mmoja ukipotea ilhali mingine inayotoka kilima kilekile imetulia, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtambo wa msambazaji umezimwa au umeharibika. Na kituo kimoja kikipotea peke yake ndani ya mzigo ambao vituo vyake vingine vinaendelea kuonekana, basi eriali haina hatia kabisa. Mtu au jambo fulani limekizuia kituo hicho kabla hakijafika mnarani.

Upambanuzi huo ni sehemu ya haki ya kupata habari, ambayo Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia. Raia asiyeweza kutofautisha waya uliokatika na tangazo lililokatwa hawezi hata kulalamika, kwa sababu hajui amlalamikie nani.

Namba irudishwe

La kufanya si gumu wala si ghali. Kwanza, kila kampuni ya usambazaji wa mawimbi itangaze kwa Kiswahili, hewani na kwenye mitandao yake, orodha inayoonyesha kila kilima chake, chaneli ya hewani inayotumiwa hapo, kama mawimbi yamelala au yamesimama, na vituo vilivyomo ndani ya mzigo. Orodha ya namna hiyo kwa kaunti nzima haijazi hata ukurasa mmoja. Inaweza kubandikwa ukutani mwa duka lolote la vifaa vya umeme, na kuwekwa ndani ya boksi la kila king'amuzi.

Pili, CA, ambayo hukagua ving'amuzi kabla ya kuruhusu viuzwe, ihimize kwamba eriali nazo ziandikwe wazi chaneli zilizokusudiwa badala ya neno "dijitali" lisilopima kitu. Muuzaji wa mafuta hawezi kuuza "mafuta ya kisasa" bila kusema kama ni petroli au dizeli. Tatu, mabadiliko yoyote ya masafa yatangazwe wiki kadhaa mapema, ili wananchi wajue kwamba wanatakiwa kutafuta vituo upya kwenye menyu, si kununua vyombo vipya.

Kwa upande wake, mnunuzi naye ana wajibu. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kutoa pesa, na aulize maswali manne: kilima kiko wapi, chaneli za hewani ni zipi, vyuma vilale au visimame, na eriali hii imekatwa kwa chaneli namba ngapi hadi ngapi? Muuzaji akishindwa kuyajibu, mnunuzi asogee duka linalofuata. Wakianza kuulizwa maswali hayo kila siku, wauzaji watayatafutia majibu, na watakapoyatafuta, wasambazaji watalazimika kuyatoa.

Katika miaka ya tisini, mtoto wa shule jijini Nairobi aliweza kutaja chaneli ya KTN bila kufikiri. Hewa ya nchi hii ni mali ya umma hata sasa, na namba zake zingalipo. Umma urudishiwe namba hizo.